Fundi rangi akija, viota vya teleka viachwe

Ukimwona ndege ametua kwenye waya wa umeme, huyo si teleka, yule ndege mdogo anayejenga viota kwenye kuta za maghorofa. Wengi huwaita wote mbayuwayu, na kwa mbali kweli wanafanana. Lakini mbayuwayu hupumzika wayani, teleka hawezi. Vidole vyake vyote vinne huelekea mbele, vinafaa kung'ang'ania ukuta tu.

Anayeishi nasi mijini ni teleka mdogo, mweusi mwenye kiuno cheupe. Asili yake ni majabali na mapango, na kwake ghorofa ni jabali jingine. Hudaka manyoya na majani makavu yanayopeperuka, akayagandisha kwa mate penye pembe ya dari na ukuta, viota vikibanana kama vyumba vya kupanga.

Jambo ambalo wenye nyumba hawalijui ni hili: kiota hakiwi kitupu. Hata pasipo yai wala kinda, teleka hurudi kulala humo mwaka mzima. Fundi anayekwangua "uchafu" huo asubuhi amewafukuza wenyeji ambao jioni watazunguka juu ya paa wakilia.

Kama lazima upake rangi, paka ukizunguka viota. Kukiwa na mayai, subiri. Tangu kutaga hadi makinda kuruka ni takriban miezi miwili. Malalamiko makubwa ya wenye nyumba ni kinyesi barazani, nayo ni ya haki. Pigilia ubao mita mbili hivi chini ya viota, uusafishe mara kwa mara. Usiusogeze juu zaidi, maana teleka akitoka hujiachia aanguke kwanza ndipo apige mabawa. Kwa sababu hiyohiyo, kata tawi lililoziba mbele.

Masanduku yenye tundu yanayotumika Ulaya ni ya teleka wa huko, anayetaga ndani ya mashimo. Huyu wetu usimnunulie kitu. Mwachie pembe ya juu, yenye kivuli, ya lipu isiyolainishwa. Na punguza dawa za kupulizia uani: chakula chake ni wadudu hao hao, mbu wakiwemo.

Ukimkuta chini, usimrushe hewani, huenda ameumia. Mlaze kwenye kiganja kilicho wazi, mahali pa juu pasipo na miti, ukielekea upepo. Mzima hutetemesha mabawa kidogo, kisha huondoka mwenyewe. Asipoondoka, mweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Maji usimmiminie mdomoni.