Uvimbe wa puani unaofanana na saratani: maana yake na unavyotambuliwa

Ni nyama inayoota ndani au nyuma ya pua, ikaziba tundu, ikatoa damu, pengine ikasukuma hata jicho au shavu, ilhali seli zake si za saratani na hazisambai mwilini. Ni nadra. Kwa kuitazama tu, hata daktari mzoefu anaweza kudanganyika.

Huku Mtwara na Lindi, pua ikiziba msimu wa kupulizia mikorosho, lawama huenda kwa vumbi la salfa, na mara nyingi ni haki yake. Ila vumbi halichagui tundu. Huwasha pande zote mbili, na likiisha pua hufunguka. Tundu moja likiziba kwa wiki tatu, tena lenye damu au usaha unaonuka, usiendelee kununua dawa za mafua. (Kwa mtoto mdogo, shuku kwanza punje ya hindi au ushanga aliojichomeka.) Shika kioo baridi chini ya pua, funga mdomo, pumua nje kwa pua. Ukungu hutoka madoa mawili. Upande uliozibwa doa huwa dogo au halipo. Kioo kinakuonyesha upande tu, hakikuambii ni uvimbe gani.

Kwa kijana wa kiume, tuseme miaka 10 hadi 25, tundu moja lililoziba pamoja na damu inayojirudia humfanya daktari afikirie angiofibroma, uvimbe uliojaa mishipa ya damu. Kuta za mishipa yake ya damu hazina misuli ya kutosha kuibana, hivyo ikikatwa damu haikatiki kirahisi. Ndiyo maana kipande cha kupima hakikatwi kliniki, hata kama uvimbe unaonekana wazi kabisa. Hutangulia CT skani (picha ya kina ya eksirei) yenye dawa ya mshipani: ukuta wa nyuma wa sainasi ya shavu, yaani uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, huonekana umepindia mbele kama umesukumwa. Umri, dalili na picha kwa kawaida hutosha. Ikifika upasuaji, mishipa inayoulisha uvimbe mara nyingi huzibwa kwanza, siku moja hadi tatu kabla.

Papiloma pinduzi, uvimbe unaoota kwenye utando wa pua, ni habari nyingine. Huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 40, na huota ukutani ubavuni mwa pua. Imeitwa pinduzi kwa sababu utando wake haukui kwenda nje bali hujikunja kwenda ndani. Mtego wake ni huu: juu yake huweza kuota vinyama vya kawaida vya puani. Daktari akikata kipande cha juu, majibu hurudi "kinyama cha kawaida", kumbe chenyewe kiko chini. Tena kwa wagonjwa wachache, kati ya 5 na 10 katika kila 100, saratani huwa imejificha humo humo. Kwa hiyo kila kipande kilichotolewa hupelekwa maabara, si kimoja cha mfano. Kwenye CT skani, mfupa ulionenepa sehemu moja mara nyingi huonyesha lilipo shina, yaani pale uvimbe ulipoanzia. Shina likibaki, uvimbe hurudi, hata baada ya miaka.

Kwa mjamzito, kinundu chekundu mbele ya pua kinachokua haraka na kutoa damu mara nyingi ni hemangioma, uvimbe wa vishipa vidogo vya damu. Hutisha, lakini baada ya kujifungua huweza kusinyaa.

Kanuni ya kwamba uvimbe wa kawaida husukuma mfupa na saratani huula inasaidia, ila isiaminiwe peke yake: angiofibroma nayo hula mfupa.

Mengi huharibika baada ya kinyama kutolewa. Kiwekwe mara moja kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze) ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama, katika chupa yenye mdomo mpana. Kikiwekwa kwenye maji, seli huoza kabla basi lililokibeba halijafika maabara Dar es Salaam. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, kwani vifuniko hubadilishana. Fomu itaje umri, jinsia, upande, mahali uvimbe ulipoota na picha ilionyesha nini. Ikiandikwa "kinyama cha pua" pekee, mtaalamu wa patholojia, anayekichunguza kwa darubini, anabaki kubahatisha. Na majibu yakisema si saratani huku picha inaonyesha mfupa umeliwa, mgonjwa haruhusiwi kwenda nyumbani na karatasi hiyo: picha hupitiwa upya, kisha, ikiwa si angiofibroma inayoshukiwa, kinyama huchukuliwa tena kutoka ndani zaidi.