Swami siyo padri wa Wahindi

Juzi niko kwenye daladala natoka Mbagala, redio iko juu, mtangazaji anasimulia harusi ya Kihindi iliyofanyika Upanga, anasema "kisha swami akawafungisha ndoa", nikajikuta nimeguna kwa sauti mpaka jirani kanigeukia. Maana ni mara ya tatu mwezi huu. Mara swami ndo padri wao, mara ndo sheikh wao, mara guru, na kuna siku nimesoma mahali wameandika "Bwana Maharaj" kama vile Maharaj ni jina la babu yake. Ngoja tuliweke sawa.

Kwa kifupi, swami ni mtawa wa Kihindu. Kaacha ndoa, mali na ukoo, kapewa jina jipya na nguo ya rangi ya zafarani, kabaki na ibada na watu. Maana ndo hiyo, haina mambo mengi. Mambo yako kwenye neno lenyewe.

Neno ni la Kisanskriti, svamin, na kile kipande cha mbele, sva, maana yake ni "-ake mwenyewe". Kwa hiyo swami ni mwenye. Mwenye nini? Mwenye nafsi yake, anayejimiliki. Na hapa mtu wa pwani hahitaji hata mkalimani, sisi wenyewe tulichukua "mwenye" tukaipandisha cheo ikawa "mwinyi", ndo maana watawala wa zamani wa Unguja wakaitwa Mwinyi Mkuu. Njia ni ileile, unaanzia kumiliki unaishia kwenye ukubwa. Huko India neno halikukaa kwa watawa peke yao, mwanamke wa Kibengali akitaja swami anamsema mumewe, na Mtamil akisema sami anaweza akawa anamwita Mungu kabisa. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba huyu "mwenye" hana kitu. Kule kuingia utawani wanakuita sannyasa, na mzizi wake ni kuweka chini, kama mtu anavyotua mzigo.

Mimi haya sikuyasoma kwanza, niliyaona dukani. Nimefanya kazi miaka sita kwenye duka la spea Gerezani, bosi wetu mzee wa Kigujarati, na siku tulipofungua stoo mpya wakaja maswami wawili kuibariki (huwa hatembei mmoja peke yake, ni sheria). Tumejipanga mstari pale mlangoni, dada yetu wa kaunta ambaye ni mchangamfu kwa kila mteja akanyoosha mkono, "karibu baba", swami akakunja viganja kifuani, macho chini, akapita. Dada alinuna mpaka mchana, anasema ubaguzi huu sasa umezidi. Mzee ikabidi aje mwenyewe pale kaunta, "binti yangu, mke wangu ana miaka arobaini na hawa watu, hajawahi kupewa mkono hata siku moja", na kweli mama alikuwa kasimama nyuma kabisa na mashoga zake. Afu bahasha. Mzee alikuwa nayo mfukoni muda wote, nikamuona anampa kijana wa kujitolea aliyekuja nao, swami hata hakuiangalia, kwa sababu hela hawashiki kabisa. Chakula ndo kilinimaliza. Kila mmoja na bakuli lake la mbao, humo humo wakawekewa wali, dengu, mboga na jalebi, tamu na chumvi pamoja, maji juu, wakakoroga kwa mkono wakala. Nikadhani wana haraka. Kumbe ni kiapo, ulimi usije ukawa bosi.

Wale walikuwa wa BAPS, tawi la madhehebu ya Kihindu ya Swaminarayan, tawi lililoanzishwa Gujarat mwaka 1907, na hao wana viapo vitano: kutogusa tamaa ya mwili, kutoshika mali, kutofungwa na ukoo, kutofuata ladha, na kutojikweza. Sasa usichukue haya ukamwagia maswami wote, maana Uhindu una matawi mengi, swami wa Ramakrishna Mission, shirika lingine la watawa wa Kihindu, utamkuta anaongea na akina mama bila shida na anaendesha hospitali. Lakini kwa Swaminarayan siku inaanza kabla jua halijatoka, anaoga, anakaa kwenye ibada yake binafsi, kisha kuna arti, ile ya kuzungusha taa mbele ya sanamu takatifu, mara tano toka alfajiri mpaka usiku. Katikati hapo anasoma, anafundisha, anapita majumbani. Na siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi, yaani mara mbili kwa mwezi, anafunga.

Kupita majumbani ndo kazi yenyewe, kama unauliza jamii inamhitaji wa nini. Ndugu wamegombana juu ya duka la baba, kijana anakunywa, binti kapata chuo Uingereza na wazazi hawalali, anaitwa swami anakaa sebuleni anasikiliza. Pramukh Swami, aliyekuwa kiongozi wa BAPS na aliyekuja kufungua lile hekalu kubwa la mawe Nairobi mwaka 1999, BAPS wenyewe wanahesabu kwamba katika maisha yake aliingia nyumba zaidi ya 250,000 na kujibu barua zaidi ya 700,000. Hata ukitoa nusu, bado ni mtu ambaye siku yake siyo yake. Huyo ndo mwenye nafsi yake.

Na hapo sasa ndo naingia kwenye ugomvi wangu wa pili. "Pramukh Swami Maharaj" haina jina hata moja ndani yake. Pramukh ni rais au mwenyekiti, cheo alichopewa mwaka 1950 akiwa na miaka 28, Swami ndo hiyo tumeshasema, Maharaj ni "mfalme mkuu" ya kumpa mtu heshima. Jina lake la utawa ni Narayanswarupdas. Aliyemrithi mwaka 2016 ni Mahant Swami, na mahant nayo ni cheo, mkuu wa watawa wa sehemu moja, alikuwa mahant wa hekalu la Mumbai jina likamganda. Ukitaka mfano wa hapa kwetu, mahant ni kama abate wa Ndanda au Peramiho, na maswami walio chini yake ndo wamonaki. Vilevile ukiona swami jina lake linaishia na Saraswati au Giri ujue hiyo ni familia ya utawa, siyo ya baba yake. Swami Ghanananda Saraswati wa Accra alikuwa Mghana wa kuzaliwa, akawekwa utawani mwaka 1975, na hana undugu na Saraswati yeyote wa India.

Guru nayo ni habari nyingine. Neno lenyewe maana yake ni mzito, tena mzito wa kilo kabisa kabla halijawa mwalimu, na unakuwa guru kwa sababu kuna mtu kakuchagua umuongoze. Wale wa BAPS maswami ni zaidi ya elfu, guru wao ni mmoja. Hawa maguru wa forex wa Instagram sijui wana uzito gani, tuwaache.

Tulichukua kwa Wahindi gari, bima, laki, dobi na chapati, maneno ya dukani na jikoni. Ya hekaluni hatukuyagusa kwa sababu hekaluni hatukuingia, kwa hiyo tunajaziajazia na padri na sheikh. Naelewa inavyotokea.

Ila padri anabatiza, anafungisha ndoa, anazika. Kwa Wahindu kazi hizo ni za mtu mwingine, purohit, kwa kawaida Mbrahmin, yaani mtu wa tabaka la makuhani, ana mke, ana watoto, ana ada za shule zinamsubiri Januari kama wewe tu. Yule aliyekaa mbele ya moto kule Upanga anawasomea maharusi mantra, yale maneno matakatifu, ndo huyo. Na anayemhudumia mungu hekaluni kwa taa na maua, kwenye mahekalu mengi, ni pujari. Wagujarati wengi wanamwita yule wa harusi "maharaj" tu, na cha ajabu mpishi wa kuajiriwa nyumbani naye wanamwita maharaj, kwa hiyo kama umechanganyikiwa hauko peke yako.

Basi kaka mtangazaji, kesho ukirudia habari ile sema purohit, au sema maharaj, wote watakuelewa. Na siku ukikutana na swami mwenyewe, kunja viganja kifuani umsalimie, inatosha. Bahasha mpe yule kijana aliyesimama pembeni.