Kiolesura si Kiungo, wala si Poti: Dhana Potofu Katika Nyaraka za Uelekezaji

Karibu kila usanifu wa mtandao ninaoletewa kuukagua hutumia maneno "kiolesura", "kiungo" na "poti" (tundu la kuchomekea kebo) kana kwamba ni majina matatu ya kitu kimoja, na kila ninapouliza sababu hujibiwa kwamba kila mtu anaelewa kilichokusudiwa. Sivyo.

Dhana inayonikera kuliko zote ni kwamba kiolesura na kiungo ni kitu kimoja. Nakiri kwamba kosa hili lina chimbuko la kuheshimika: RFC 2328 ya mwaka 1998, mmojawapo wa nyaraka za viwango vya intaneti, inayofafanua toleo la 2 la OSPF (itifaki ambayo ruta hutumia kuelezana njia za mtandao), inasema kiolesura ni muunganisho kati ya ruta, yaani kifaa kinachopitisha pakiti kati ya mitandao, na mmojawapo wa mitandao iliyoshikamana nayo, kisha inaongeza kwamba wakati mwingine huitwa pia kiungo. Nyongeza hiyo fupi imewapoteza wengi, kwa kuwa waraka huohuo, unapoeleza tangazo ambalo kila ruta hulitoa kujihusu yenyewe, hulitumia neno "kiungo" kwa maana nyingine. Kiolesura kimoja cha nukta kwa nukta (kinachounganisha ruta mbili tu) chenye anwani ya IP, ujirani wa ruta hizo ukishakamilika, huandikwa humo kama viungo viwili: kimoja cha aina ya 1 kinachoitaja ruta jirani, na kingine cha aina ya 3 kinachotaja anwani zilizopo hapo. Mhandisi aliyezoea kuyachanganya maneno haya huona viungo sita katika tangazo, akaanza kutafuta violesura vitatu ambavyo havipo.

Madhara makubwa zaidi yamo katika gharama, yaani namba ambayo ruta hutumia kuchagua njia. OSPF huipa gharama kiolesura, tena upande wake wa kutokea, kwa hiyo ruta moja inaweza kuhesabu 10 kwenda kwa jirani yake ilhali jirani anahesabu 100 kurudi. Anayeandika kwamba "gharama ya kiungo ni 10" ameeleza upande mmoja tu bila kusema ni upi, na siku pakiti zitakaporudi kwa njia nyingine atavilaumu vifaa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba nyaraka zote zifuate fasili za RFC 8200 ya mwaka 2017, ambayo ingawa inahusu IPv6 imeyatenga maneno haya vizuri: kiungo ni njia ambayo nodi (vifaa vya mtandao) huwasiliana kupitia kwayo katika tabaka lililo chini ya IP, na kiolesura ni mahali ambapo nodi imejishikiza kwenye kiungo. Sikubali usanifu ambao haukufungua kwa fasili hizo, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani.

Wanaodhani kwamba kiolesura ni poti wakumbuke tu kwamba poti moja inaweza kubeba violesura vingi vilivyotengwa kwa VLAN (mitandao pepe), kwamba poti kadhaa zinaweza kufungwa pamoja zikawa kiolesura kimoja, na kwamba kiolesura cha loopback, kilichomo ndani ya programu ya kifaa tu, hakina poti kabisa.

Dhana nyingine ni kwamba kiolesura kikiwekwa kimya (passive), mtandao wake huondolewa katika matangazo. Katika OSPF, mtandao huo huendelea kutangazwa. Kinachokoma ni pakiti za Hello, ambazo ruta hutumia kutafuta majirani, na kwa hiyo ujirani haujengwi hapo. Katika RIP, itifaki nyingine ya uelekezaji, ruta nyingi zilizowekwa hivyo huacha kutuma lakini huendelea kupokea. Kwa hiyo neno "kimya" pekee halitoshi katika waraka. Andika itifaki ni ipi na ni kitu gani kinachozuiwa.

Wapo pia wanaovitambulisha violesura vya mtandao wao kwa ifIndex, namba ambayo mfumo wa usimamizi wa kifaa hukipa kila kiolesura, wakiamini kwamba namba hiyo ni ya kudumu. RFC 2863 haiahidi zaidi ya kwamba haitabadilika hadi mfumo wa usimamizi utakapoanzishwa upya. Jina la kudumu linalowekwa na msimamizi mwenyewe lina nafasi yake, nayo ni ifAlias.