Je, wajua kwa nini kwenye Attack on Titan walipeleka wakimbizi 250,000 vitani?

Mi nilijua ni uzembe wa majenerali tu. Kama hujaicheki, ni kisa cha Kijapani cha Hajime Isayama (2009 mpaka 2021), binadamu wamejifungia ndani ya kuta tatu, nje kuna majitu yanayokula watu. Mwaka 845 ukuta wa nje unavunjwa, mwaka unaofuata serikali inakusanya watu 250,000, asilimia 20 ya watu wote, wengi wakimbizi wa hukohuko, babu yake Armin, mmoja wa wahusika wakuu, akiwemo, eti wakaukomboe. Waliorudi hawafiki hata 200. Nilibishana na washkaji weee, nani anapeleka wazee na wakulima wasiojua hata kushika panga, hii operesheni imefeli vibaya.

Kumbe haikufeli. Kamanda Pixis anakuja kuwaambia askari wake waziwazi kwamba ilikuwa ni kupunguza midomo, na Kijapani kina neno lake kabisa, kuchiberashi. Yaani muda wote nalaumu mbinu za vita wakati pale palikuwa na hesabu ya unga.

Iko hivi: chukua nyumba ya watu 5 wenye unga wa siku 100. Mmoja akiondoka, unga unafika siku 125. Umetoa asilimia 20 ya watu, umepata asilimia 25 ya siku, na ndo zilezile zinazosubiri mavuno. Utasema aliyeondoka si angelima? Alime wapi, shamba limebaki kwa majitu, na mkulima asiye na shamba kwenye hesabu hii ni mdomo tu. Ila hapo nimechukulia wote wanakula sawa, na mkimbizi hapakuliwi sawa na mwenye nyumba, kwa hiyo faida yenyewe ingepungua.

Na ilishatokea kweli. Rouen, Ufaransa, 1418, Henry V wa Uingereza kauzingira mji, chakula kikawa cha kuhesabu, wenye mji wakawatoa maskini nje na Henry akagoma kuwapitisha, wakakwama kwenye handaki kati ya ukuta na jeshi, baridi hiyo. Mwandishi mmoja aliyekuwepo anasema walikuwa 12,000, japo namba za zama zile huwa zimevimba. Krismasi Henry akawapelekea chakula, siku moja. Mji ukasalimu amri Januari 1419 hivohivo.