Bomba limepasuka? Usikate kodi kwanza

Wapangaji wengi huamini hivi: bomba likipasuka na mwenye nyumba akikaa kimya, unaita fundi, unamlipa, kisha mwisho wa mwezi unakata hela yako kwenye kodi. Mambo si mepesi hivyo.

Haki hiyo ipo katika baadhi ya sheria, ila ina masharti. Kubwa ni taarifa: mwenye nyumba aambiwe kwanza, ikiwezekana kwa maandishi, apewe muda wa kutosha kurekebisha. Jimbo la California, kwa mfano, huruhusu matengenezo yasiyozidi kodi ya mwezi mmoja, na si zaidi ya mara mbili katika miezi 12. Tena liwe tatizo linalofanya nyumba isikalike, kama paa linalovuja. Rangi iliyofifia haihesabiki. Ulichovunja mwenyewe, hilo ni lako.

Kwingine sheria haitoi ruhusa hiyo. Hapo kodi pungufu ni deni tu, na deni la kodi ndilo humtoa mtu nyumbani. Soma mkataba, piga picha maji yakichuruzika, tunza risiti ya fundi, na ule ujumbe wa “nitakuja kesho” usiufute.