Chai ya moto na Ziwa Tanganyika, kipi kina nishati nyingi?

Hili swali ukiwauliza wanafunzi wa sekondari hapa Kigoma wengi watakujibu chai, kwa sababu chai inaunguza ulimi na ziwani watu wanaogelea kutwa nzima. Jibu ni ziwa, tena chai haioni ndani, na ukishaelewa kwa nini ni ziwa basi hii mada ya joto haikusumbui tena.

Iko hivi. Kila kitu kimeundwa na chembechembe ndogo sana ambazo hazitulii hata sekunde, kwenye chuma au jiwe zinatetemeka palepale zilipo, kwenye maji zinapishana, kwenye hewa zinakimbia huku na kule zikigongana. Jotoridi, yani ile temprecha unayosoma kwenye thamomita, linakuambia kwa wastani chembe moja ina nishati ya mwendo kiasi gani, basi, halina habari na idadi yao. Nishati ya ndani ndo inahesabu zote. Sasa Ziwa Tanganyika kina chake kinafika mita 1,470, duniani linazidiwa na Ziwa Baikal la Urusi tu, maji ya juu yanacheza kwenye nyuzi 25 na kuendelea na hata huko chini kabisa ni kama 23, kwa hiyo ukichukua chembe moja ya ziwani kwa wastani haifui dafu kwa chembe ya kwenye chai ya nyuzi 80, ila ukijumlisha ziwa zima kutoka Burundi mpaka Zambia hicho kikombe hata hakionekani kwenye hesabu.

Alafu joto lenyewe ni nini? Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye jotoridi kubwa kwenda chenye jotoridi dogo. Ikishafika na kutulia tunaiita nishati ya ndani, joto ni pale inapohama. Hapa ndo watu wanapotea, wanadhani mwenye nishati nyingi ndo anampa mwenye kidogo, hapana, chovya kikombe chako ziwani uone, chai ndo inapoa, ziwa halitoi kitu pamoja na utajiri wake wote. Ni kama ndoo ya maji iliyo juu ya meza na simtanki lililo chini, ukiunganisha mpira maji yatashuka kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye simtanki hata kama simtanki lina maji mara mia zaidi, kinachoamua ni kimo cha maji, sio wingi wake. Na joto likishahama mpaka vyote viwili vikawa na jotoridi sawa, linaacha kuhama.

Kwa sababu joto ni nishati linapimwa kwa jouli na sio kwa nyuzi. Jina limetoka kwa James Joule, Mwingereza aliyefanya majaribio miaka ya 1840, aliacha mzigo ushuke taratibu ukizungusha mapangaboi ndani ya maji, na maji yakapanda jotoridi bila moto wowote. Yani kazi ya kukoroga iligeuka ikawa nishati ya ndani ya maji, mimi naona hili ni jaribio zuri kuliko yote kwenye mada hii, na bahati mbaya huwa linapitwa haraka haraka darasani.

Sasa nenda mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma saa saba mchana jua limewaka. Pale dagaa wanapoanikwa mchanga unaunguza, huwezi kusimama peku, unarukaruka mpaka ufike majini na maji unakuta ya baridi, wakati jua ni lilelile. Kilo 1 ya maji inataka kama jouli 4,200 ili ipande nyuzi 1 tu, kilo 1 ya mchanga mkavu inatosheka na kama 800. Juu ya hapo maji yanapitisha mwanga mpaka chini, yanajichanganya na mawimbi, na mengine yanageuka mvuke yakiondoka na joto, mchanga wenyewe unaungua ule wa juu tu, chimba kidogo kwa kidole utaukuta umepoa. Usiku mchanga unapoa haraka na ziwa linabaki na uvuguvugu wake.

Jikoni nako kuna jambo ambalo lingeokoa mkaa wa watu wengi. Maji hapa mjini yanachemka kama nyuzi 97, Tabora ambako ni juu zaidi, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, yanachemka kwenye 96 hivi, kwa sababu mgandamizo wa hewa unapungua ukipanda. Yakishachemka ndo basi, hata uongeze mkaa na upepee jiko mpaka litoe cheche jotoridi haliongezeki, maharage yako hayaivi haraka zaidi, nishati yote inaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Na inayoliwa hapo sio ndogo, kupandisha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 25 mpaka 97 ni kama jouli 302,000, lakini kuikausha yote iwe mvuke ni kama 2,260,000, zaidi ya mara 7. Kwa hiyo sufuria likichemka funika, punguza moto, liache litokote.

Hiyo nishati ya kwenye mvuke haijapotea, inasubiri mvuke urudi kuwa maji ndo itoke. Ndo maana ukifunua sufuria ghafla mvuke ukakupiga mkononi unaunguza vibaya kuliko maji yaleyale ya jotoridi lilelile, unageuka maji juu ya ngozi na kuimwaga nishati yote hapohapo, kwa hiyo mfuniko ufunuliwe upande wa mbali na wewe, na watoto wakae pembeni.