Rangi ya Mafuta Haikauki Kama Nguo Kambani
Wengi huamini kuwa rangi ya mafuta hukauka kama nguo, kwamba majimaji huruka na jua likiwa kali kazi huisha mapema. Sivyo. Kinachoruka ni tapentaini tu, kile kimiminika cha kuzimulia rangi. Mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo katika rangi huvuta oksijeni na kuwa magumu, hata uzito wake huongezeka kidogo.

Ndiyo maana waridi lililochorwa kwa rangi nene na kuanikwa juani hufanya utando juu huku ndani likibaki laini, kisha utando hukunjamana. Ukichora maua pamoja na vyombo, anza na maua, kwani hunyauka. Birika kuukuu ulilonunua katika soko la Owino, Kampala, litakungoja. Tabaka la kwanza liwe jembamba, limezimuliwa kwa tapentaini. Mafuta yaongezwe katika tabaka za juu. Ukigeuza mpangilio huo, la juu hukauka kwanza, kisha hupasuka la chini likiendelea kusogea.

Picha ikae penye hewa na mwanga wa kawaida, maana gizani mafuta hugeuka manjano. Vanishi ya kawaida, mpako wa mwisho wa kulinda picha, ingoje miezi 6 hadi 12. Na tafadhali, usirundike vitambaa vyenye mafuta hayo: vikivuta oksijeni hupata joto, na vinaweza kuwaka vyenyewe.